Sinema Sebuleni kwa Bei Chee: Mwongozo kwa Asiyejua Kinachomngoja

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya baba mmoja wa Dar es Salaam ambaye, kwa bahati mbaya, yuko kila mtaa. Ana televisheni ya inchi 43 ukutani, sabufa yenye taa za rangi chini yake, na fungu la pesa ambalo mama watoto anaamini ni la ada ya muhula ujao. Kazini amemsikia jamaa akisimulia kwamba ukificha kompyuta ndogo nyuma ya televisheni unaachana na kazi ya kuchomeka na kuchomoa flashi: muvi zote mahali pamoja, YouTube kwenye kioo kikubwa, mawaidha ya bibi, katuni za watoto, na ile video ya harusi ambayo hakuna aliyewahi kuimaliza. Ameshakubali. Amebakiwa na swali moja tu: anunue mashine iliyo tayari, au anunue vipande aiunde kwa mkono wake?

Akiuliza watu, wenye bisibisi watamwambia aunde, na wenye duka watamwambia anunue. Hakuna atakayemwambia kwamba njia zote mbili zina gharama moja isiyoandikwa kwenye risiti: kuanzia jioni mashine hiyo itakapowashwa, yeye ndiye fundi wa nyumba, bila mshahara na bila likizo. Tunachoweza kumsaidia ni kuchagua atakuwa fundi wa aina gani.

Kabla hujatoka nyumbani

Wenye busara husema anza na bajeti. Sisi tunasema anza na rimoti. Kaa sebuleni jioni moja, nyamaza, uangalie nani anaishika na anatazama nini. Ukikuta sehemu kubwa ya jioni ni taarifa ya habari, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mechi, basi pole sana. Hayo yote yanatoka kwenye king'amuzi, na kompyuta yako haitayagusa. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi hakijapata mpinzani sebuleni, nawe hutakuwa wa kwanza. Ligi Kuu iko Azam TV, chaneli zimefungwa, na kadi inaelewana na king'amuzi chake tu. Vipo vifaa vya kuchomeka kwenye kompyuta ili ipokee matangazo ya televisheni. Vitakupa chaneli za bure bila shida, halafu siku ya Simba na Yanga vitakupa kioo cheusi chenye sentensi moja ya Kiingereza katikati.

Kwa hiyo maneno ya "tena tutaacha kulipia king'amuzi" yatoe mapema kwenye hotuba unayomwandalia mama watoto. Ndiyo atakayoyakumbuka.

Ukikuta wanatazama muvi za kutafsiriwa, hapo ndipo penye aibu. Mtu atahangaika kutafuta prosesa ya nguvu, ramu ya GB 16 na kadi ya picha, halafu atakachokiweka humo ni filamu ya Kihindi ya MB 700, sauti ya mtafsiri Lufufu imefunika hata milio ya bunduki, na picha imebanwa ikabanwa tena mpaka nyuso za waigizaji hazina pua. Faili la namna hiyo linachezwa bila jasho na kompyuta ya mwaka 2010. Linachezwa hata na tundu la USB la televisheni yenyewe, ambalo ulipewa bure ulipoinunua.

Wapo pia wanaotaka Netflix ya 4K. Hawa ni wachache, lakini ndio wenye sauti kubwa. Wajue kwamba Netflix haitoi 4K kwa kompyuta yoyote tu kwa sababu mwenye nayo amelipia kifurushi kikubwa. Inataka Windows, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 au ya baada ya hapo, au nyingine ya hadhi hiyo, na inataka ulinzi uitwao HDCP 2.2 katika njia nzima kuanzia kwenye mashine hadi kwenye kioo. Waya mmoja au televisheni moja ikikosa ulinzi huo, 4K yako inashushwa daraja kimyakimya. Wakati huo huo programu ya Netflix iliyomo ndani ya televisheni ya 4K inafanya kazi hiyo bila maswali. Hakikisha tu kwamba televisheni ni ya 4K kweli, maana mjini kuna nyingine ambazo 4K yake iko kwenye stika, na stika ilibandikwa na mtu mwenye matumaini.

Watakuambia kuna njia ya tatu, kile kiboksi cha Android cha bei ya kitenge. Kipo, na kwa YouTube kinatosha. Ila ukikuta hakina jina la kampuni, kinadai ramu na hifadhi nyingi kuliko simu ya mkurugenzi, na kinakuja na programu za kutazama kila kitu duniani bure, jiulize nani anakulipia. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walikuta viboksi vya namna hiyo vikiwa na virusi tangu vinatoka kiwandani, vikitumia intaneti ya mwenye nyumba kwa shughuli za watu wengine. Bando ni lako, faida ni ya mgeni usiyemjua.

Ukiamua kununua

Kununua maana yake ni Kariakoo, au maduka ya Posta kwa wanaoogopa msongamano. Mashine utakazoonyeshwa ni za ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Nyingi zilifanya kazi kwenye ofisi za Ulaya na Ghuba, ambako kampuni hubadilisha kompyuta zote kwa mkupuo kila baada ya miaka michache. Zikapita Dubai, zikajaa kontena, zikatua hapa. Geuza moja uitazame ubavuni. Mara nyingi utakuta bado ina stika ya mali ya ofisi, namba ndefu yenye mistari, na chini yake jina la halmashauri au shule ya mji ambao hutaufikia. Hilo si baya. Mashine ya ofisi imelelewa vizuri, imekaa kwenye kiyoyozi, imefanyishwa kazi ya kuandika barua. Wasiwasi uwe kwa ile isiyo na stika wala alama ya stika, imeng'arishwa mpaka inanukia.

Kisha muuzaji atasema neno lake.

"Hii Core i7, bosi wangu. Laki tatu na nusu, bei ya asubuhi."

Ni saa tisa alasiri. Muulize i7 ipi. Atakujibu kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: "i7, bosi. Kubwa kuliko i5."

Usibishane naye, soma namba. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-4590 ni kizazi cha 4, i5-7500 ni cha 7. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, soma mbili za mwanzo, kizazi cha 10. Core i7-2600 unayooneshwa kwa heshima ilitoka mwaka 2011. Core i3-8100 iliyosukumwa kule kwenye kona, ambayo muuzaji anaionea haya kwa sababu imeandikwa 3, ilitoka mwaka 2017, ina viini vinne, na kwa kazi ya sinema itamzidi mkubwa wake huku ikila umeme kidogo.

Kwa nini kizazi kina maana kuliko ukubwa wa jina? Kwa sababu muvi za siku hizi hubanwa kwa mtindo uitwao HEVC, na kuufungua ni kazi nzito. Prosesa yenye kitengo maalumu cha kufungulia haishtuki. Isiyo nacho inabeba mzigo wote kwa nguvu za mwili. Kwa upande wa Intel, kizazi cha 6 kilikuja na kitengo hicho kwa HEVC ya kawaida, ya biti 8. Kizazi cha 7, cha mwaka 2017 kwa kompyuta za mezani, kikaongeza ile ya biti 10, ambayo ndiyo inayotumika kwenye muvi nyingi za 4K. Mtindo mpya zaidi, AV1, ambao YouTube inautumia sana, ulisubiri mpaka kizazi cha 11. Ukipewa mashine ya kizazi cha 4 na kuambiwa "inacheza kila kitu", ni kweli inacheza. Picha itakwenda hatua mbili, itapumzika, kisha itaruka kuwahi sauti.

Dawa yake ni ndogo. Nenda dukani na flashi yenye faili moja la HEVC ya biti 10. Lifungue, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie prosesa inatumika kiasi gani. Ikikaa chini ya asilimia 20, endelea na mazungumzo. Ikipanda hadi 100 na feni ikaanza kulia mpaka mteja wa duka la pili akageuka, mrudishie mwenyewe. Acha muvi iende dakika kumi, si moja, maana kuna mashine ambazo joto lake huja baadaye. Hapo muuzaji atakuuliza, "Kaka, umekuja kununua au kukagua?" Mjibu kwamba umekuja kwa yote mawili, na uendelee kutazama.

Sasa igeuze nyuma. Huku ndiko pesa zako zitakapotorokea, kwa hiyo tukae kidogo.

Mashine za ofisini ziliundwa kwa ajili ya vioo vya ofisini, si televisheni. Utakuta tundu la VGA, lile la buluu lenye vijitundu 15, ambalo halibebi sauti. Utakuta tundu moja au mawili ya DisplayPort, yanayofanana na HDMI kwa mtu mwenye haraka, ila kona yake moja imekatwa. HDMI inaweza isiwepo kabisa. Ikiwepo kwenye mashine ya kizazi cha 6 au 7, mara nyingi ni toleo la 1.4, linalotoa 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Muvi hailalamiki, maana muvi nyingi ni picha 24 kwa sekunde. Mpira utalalamika, na kishale cha mausi kitatembea kana kwamba kimetoka kula ugali. Ukitaka 4K ya picha 60 kutoka DisplayPort unahitaji adapta yenye kichakata chake ndani, siyo ule waya wa bei poa. Na uangalie unaelekea wapi: waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI haufanyi kazi ukiugeuza. Wauzaji wanauita "waya wa HDMI na DP" kana kwamba ni barabara ya njia mbili. Kama televisheni yako ni Full HD, aya hii yote inakuhusu nusu tu: tafuta waya rahisi wa DisplayPort kwenda HDMI, lipia, ondoka.

Ukichagua zile ndogo kabisa, za ukubwa wa kitabu kinene, kama OptiPlex 3050 Micro, EliteDesk 800 G3 Mini au ThinkCentre M710q, umechagua vizuri. Zinajificha nyuma ya televisheni na hazina kelele. Ila hazina pawa saplai ndani. Zinatumia adapta ya nje kama laptopu, na adapta ndicho kitu cha kwanza kupotea kati ya Rotterdam na Kariakoo. Utapewa "nyingine ileile". Za Dell zina pini nyembamba katikati ya kichwa, na mashine huitumia kuitambua adapta yake. Isipoitambua itakuonya inapowaka, kisha itapunguza kasi ya prosesa bila kukuambia tena. Lenovo nyingi nazo zinataka kichwa cha mstatili. Usilipe kabla hujaiona inawaka kwa adapta utakayoondoka nayo, yenyewe hasa, siyo ya dukani iliyochomekwa pale tangu asubuhi.

Hifadhi ni mtego mwingine. Diski ya zamani inayozunguka, ya GB 500, itaifanya mashine nzuri ionekane mgonjwa. Badilisha kwa SSD ndogo ya kuendeshea mfumo, na diski kubwa iache iwe ghala la muvi. SSD nunua yenye jina. Soko limejaa flashi na SSD za nje zinazodai TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ndani kuna GB 64, au chini ya hapo, na programu ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Utahamisha muvi 300, zitaonekana zote kwa majina na picha za mbele, na zitakazofunguka ni zile za mwanzo. Programu ya bure iitwayo H2testw inajaza kifaa chote kisha inasoma kilichobaki. Inachukua saa nyingi, na haijawahi kupendwa na muuzaji yeyote.

Halafu kuna Windows. Ile ya 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na ya 11, kwa sheria za Microsoft, inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na 7 zimemiminika sokoni, na ndiyo maana unaweza kuzipata kwa bei nzuri ukijua kuzitumia. Zipakie LibreELEC, mfumo mdogo wa bure ambao kazi yake ni moja tu: kuwasha programu ya Kodi. (Tulia, hii hailipwi kwa mwenye nyumba wala kwa serikali.) Kodi ilianza mwaka 2002 kama programu ya kuchezea muvi kwenye Xbox na ikapata jina hili mwaka 2014. Mashine ikiwaka unaingia moja kwa moja kwenye orodha ya muvi, bila neno la siri wala matangazo. Kasoro yake ni kwamba haina kivinjari cha intaneti, na Netflix humo ni mgeni asiyekaribishwa. Lakini hilo tulishamalizana nalo: Netflix iko kwenye televisheni.

Kwa anayetaka kipya, Intel yenyewe iliwahi kuuza kompyuta ndogo za NUC zilizokuwa kipenzi cha watu wa sinema za nyumbani, hadi mwaka 2023 ilipoachana nazo na ASUS ikazipokea. Mwaka huo huo ilitoka prosesa ya N100, inayokula umeme kama taa moja ya chumbani na inafungua HEVC na AV1 zote. Sasa viboksi vya N100 vinatoka China kwa majina yanayobadilika kila wiki. Prosesa ni ileile kwenye vyote. Ramu na SSD zilizomo ni siri ya aliyeviunga.

Ukiamua kuunda

Wanaounda wana sababu mbili. Ya kwanza ni kuokoa pesa. Ya pili ni raha ya kuunda. Mwenye sababu ya pili aruke sehemu hii, hana haja ya ushauri wetu. Jumapili yake imeshapata kazi.

Kwa mwenye sababu ya kwanza, chukua karatasi. Andika prosesa, mazabodi, ramu, SSD, pawa saplai, kesi, feni. Jumlisha. Sasa ongeza vitu ambavyo mashine ya ofisini ilikuja navyo bila kusema: kadi ya Wi-Fi, waya za kuunganisha, skrubu, grisi ya prosesa, na nauli ya kurudi Kariakoo mara ya pili kwa sababu ramu uliyonunua ni DDR4 na mazabodi ni ya DDR5. Kijino cha katikati hakiko mahali pamoja, na hakuna nguvu ya mkono itakayokihamisha, ingawa wengi wamejaribu. Jumla itaipita ile laki tatu na nusu ya asubuhi kabla hujafika kwenye kesi. Ofisi ya Ulaya ilishalipia sehemu kubwa ya bei ya mashine ile. Ya kwako unailipia yote peke yako, rejareja, duka kwa duka.

Mtego mkubwa wa muundaji umeandikwa kwa herufi moja. Core i3-12100 ni prosesa nzuri sana kwa sinema. Pembeni yake kuna i3-12100F, sawa kwa kila kitu, bei imepungua kidogo, na muuzaji anaisifia kuwa ndiyo inayotoka. Ile F inamaanisha haina sehemu ya picha ndani. Utaunganisha kila kitu kwa uangalifu, utachomeka HDMI kwenye mazabodi, utawasha, feni zitazunguka, taa zitawaka, na televisheni itaandika "Hakuna mawimbi". Hakuna kilichoharibika. Umenunua tu kompyuta isiyoweza kuonyesha kitu mpaka uinunulie kadi ya picha, na pesa uliyookoa kwenye herufi hiyo haitoshi hata kuulizia bei yake. Kwa AMD tafuta yenye G mwishoni, kama Ryzen 5 5600G. Huku herufi ni rafiki.

Kuhusu pawa saplai, usiamini namba, amini mkono. Zipo zinazoandikwa wati 500 na ni nyepesi kuliko boksi lake. Ndani yake waya ni wembamba na vipozajoto ni vya kuhurumia. Kompyuta ya sinema haihitaji hata wati 100, kwa hiyo itafanya kazi, na itaendelea kufanya kazi mpaka umeme utakapokatika na kurudi kwa kishindo, jambo ambalo mtaani kwako si tetesi. Pawa saplai nzuri hufa peke yake siku hiyo. Mbaya huondoka na mazabodi.

Na unapofunga mazabodi ndani ya kesi, vile vinguzo vya shaba vilivyokuja kwenye kimfuko si vya akiba. Vinakaa kati ya bodi na bati. Mwenye haraka huviacha, akabana bodi moja kwa moja kwenye chuma, na shoti inayofuata huenda na prosesa ambayo bado hata risiti yake haijafifia.

Usiku wa kwanza sebuleni

Mashine imefika, iwe ya kununua au ya kuunda. Kuanzia hapa zote ni ndugu.

Kwanza, picha imekatwa kingo. Kitufe cha kuanzia cha Windows hakionekani, jina la muvi limekosa herufi mbili za mwanzo. Usiguse kompyuta. Kosa ni la televisheni, inayoikuza picha kidogo kwa mazoea ya enzi za analojia. Ingia kwenye mpangilio wa ukubwa wa picha, utafute "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", kila kampuni imeupa jina lake.

Pili, sauti. Kwa HDMI sauti inafika kwenye televisheni, na wewe unaitaka kwenye sabufa. Sabufa ina matundu mekundu na meupe. Televisheni mpya ina tundu la mraba la kutolea sauti kwa mwanga, na pengine HDMI iliyoandikwa ARC, ambayo sabufa haijawahi kuisikia. Usinunue kigeuzi. Nunua waya wa bei ndogo, upande mmoja una kile kichwa cha hedifoni, upande wa pili una vichwa vyekundu na vyeupe, uitoe sauti kwenye kompyuta yenyewe. Usitumie Bluetooth, maana muigizaji atafunga mdomo kabla maneno yake hayajafika.

Rimoti ndiyo itakayokupotezea ndoa. Raspberry Pi, ile kompyuta ya ukubwa wa kadi, inaitii rimoti ya televisheni kupitia waya wa HDMI wenyewe. Kompyuta za kawaida, karibu zote, hazina uwezo huo. Kwa hiyo utahitaji kibodi ndogo isiyo na waya, ambayo itaingia katikati ya makochi na kutoweka, au programu ya Kore kwenye simu, ambayo itafanya kazi vizuri mpaka simu yako itakapotoka nyumbani nawe. Kibodi ikianza kukwama, chomoa kile kijimeno chake kwenye tundu la USB la buluu. USB 3.0 ikiwa inasoma diski hutoa kelele kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ambayo kibodi inayatumia. Kihamishie kwenye tundu jeusi, mbali na diski. Hilo likitokea ukiwa ofisini, utalieleza kwa simu, ukiulizwa "Baba Asha, mbona hii haisogei?", na utalieleza mara nyingi.

Ingia kwenye BIOS uamuru mashine iwake yenyewe umeme ukirudi, la sivyo kila LUKU ikiisha utaitwa kubonyeza kitufe kilichofichwa nyuma ya televisheni ya ukutani. Kama umebaki na Windows, ipangie saa za kujisasisha usiku wa manane. Usipoipangia, itajichagulia yenyewe, na ina kipaji cha kuchagua wakati wageni wamekaa.

Kuhusu umeme, hesabu ni hii. Kompyuta kubwa ya mezani inayokula wati 60, ikiwashwa saa sita kwa siku, inatafuna karibu uniti 11 kwa mwezi. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti ni kama shilingi 3,800. Ile ndogo ya wati 15 haifiki elfu moja. Kwa mwaka tofauti inakaribia shilingi 34,000, na aliyekuuzia ile kubwa kwa kukupunguzia elfu ishirini hakuitaja.

Mwezi hautapita kabla jirani hajaja kutazama, akakaa mpaka muvi ya pili, kisha akasema anataka na yeye, ila wewe ndiye umwundie kwa kuwa wewe unajua. Msifie ladha yake. Mwelekeze kwa muuzaji wako, na umwambie amtajie jina lako. Atauziwa kwa bei ya juu kidogo, na siku mashine ikigoma atampigia muuzaji.